Jirani wa Florini

Kondakta alinirudishia chenji pale Ubungo, Dar es Salaam, nikamtabasamia kwa shukrani, naye akasema bila hata kuniangalia mara ya pili, "Wa Arusha, sogea nyuma." Sikuwa nimesema neno. Shati langu lilikuwa la mtumba kama la kila mtu, na mzigo nilikuwa nimeuacha kwa mwenyeji wangu. Nikasogea nyuma, nikafunga mdomo, na mpaka Posta nikawa natafuna swali moja: huyu ameona nini?

Aliona meno.

Sisi tuliokulia Maji ya Chai, Ngurdoto na Kikatiti, au kule ng'ambo ya mlima, Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, tuna alama isiyochanjwa na mtu. Maji mengi ya Mlima Meru yana floraidi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa katika miaka ile ambayo meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi, tangu uchanga hadi umri wa miaka minane hivi, gamba la jino halikomai sawasawa. Jino hutoka na mabaka meupe kama chokaa, kisha rangi ya kahawia huingia polepole kwenye vitundu vyake na kukaa. Baada ya hapo hamia Mwanza, hamia Muscat, kunywa maji ya chupa hadi uzeeni: jino halibadili ushahidi wake.

Kondakta yule alinisoma sawa. Ila kwa miaka mingi nimefikiri juu ya bahati iliyomsaidia. Meno kama yangu yapo Singida, yapo Nakuru, yapo kwenye bonde la ufa la Ethiopia. Alisema Arusha kwa sababu wengi wa aliokuwa amewaona jijini wenye meno hayo walitoka Arusha. Angekuwa kondakta wa Nairobi, angenipeleka kwingine kabisa, kwa uhakika uleule.

Nilimkumbuka tena Julai moja, usiku, kwenye baraza la nyumba ya dada yangu Maji ya Chai. Baridi ya Meru ya mwezi huo haina adabu, inaingia hadi chini ya blanketi. Nilitoka nje nikamkuta mpwa wangu amejikunyata mbele ya kompyuta yake, shuka la kimasai mabegani. Alikuwa likizo kutoka masomoni ng'ambo, anasomea kemia, somo ambalo mimi nililifundisha sekondari mpaka chaki ikaniingia kifuani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hujalala?"

"Nasubiri hesabu iishe. Nimeiwasha tangu saa mbili."

"Hesabu gani ya kukesha?"

"Natabiri florini itasimama wapi."

Nikamwambia kwetu anayekesha akitabiri huitwa mganga, na kazi yake ni ramli. Akacheka. "Yangu ina risiti, mjomba. Kesho kutwa wenzangu kule maabara wataweka dawa yenyewe kwenye sumaku, na namba itanisuta au itanitetea."

Nikavuta kigoda. Florini nilikuwa nimeifundisha miaka yote kama mwizi wa elektroni, kichwa cha ukoo wa halojeni, elementi yenye uroho kuliko zote. Wanafunzi waliandika, wakafaulu, wakasahau. Hiyo sumaku aliyoitaja, mashine ya NMR inayosikiliza viini vya atomi, niliifahamu kwa mchoro wa kitabuni tu. Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba uroho wa florini si tabia moja. Unategemea amelala na nani.

Kiini cha florini huzunguka kama pia, na kwa kuzunguka huko kina usumaku wake mdogo. Ukikitia ndani ya sumaku kubwa kinayumba, kama pia inavyoyumba inapokaribia kuanguka, kwa kasi maalumu, na ukikirushia mawimbi ya redio yanayotikisika kwa kasi hiyohiyo kinaitikia. Kwenye sumaku ya tesla 9.4, ambamo haidrojeni huitikia kwenye megahezi 400, florini huitikia kwenye 376 hivi, mbali juu ya pale redio zetu za FM zinapoishia. Na kuna neema moja: florini yote ya asili ni ya aina moja, florini-19. Kaboni huitikia atomi moja tu katika kila mia, nyingine zote ni bubu kwa mashine hiyo. Florini haina bubu hata mmoja.

Sasa, kiini hakiko uchi. Kimevikwa elektroni, nazo hupunguza kidogo nguvu ya sumaku inayokifikia. Sisi tuliolala watatu kitanda kimoja tunaijua hali hiyo bila fizikia. Blanketi ni moja, na ukipata joto kiasi gani inategemea aliye ubavuni mwako. Jirani akivuta, unabaki wazi. Akiwa mpole, unajifunika hadi masikioni. Basi florini mbili zilizomo ndani ya molekuli moja, kila moja na majirani wake, hufunikwa tofauti na huitikia kwenye namba tofauti kidogo. Tofauti hiyo hupimwa kwa sehemu kwa milioni na huitwa msogeo wa kikemia.

Jambo hilo lilipogunduliwa halikufurahiwa na kila mtu. Mwaka 1950, katika jarida la Physical Review, W. C. Dickinson wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts aliripoti kwamba mahali florini inapoitikia panabadilika kufuatana na kampaundi iliyomo. Mwaka huohuo Proctor na Yu, huko Stanford, waliona nitrojeni ya amoniamu nitreti ikitoa sauti mbili pale walipotegemea moja. Wanafizikia walikuwa wanatafuta namba moja safi ya usumaku wa kila kiini, na sasa kemia imewamwagia mchanga kwenye ugali. Kwa mkemia mchanga huo ulikuwa dhahabu. Kama kiini kinasema jirani yake ni nani, basi umbo la molekuli ambayo jicho haliwezi kuiona linaweza kusomwa kwa kusikiliza.

Haidrojeni, kwa kawaida, zimebanana ndani ya sehemu kumi na mbili hivi kwa milioni, kama wapangaji wa mtaa wa Ngarenaro. Florini ana shamba la mamia. Hilo humpa msomaji raha, kwa kuwa majirani wanaofanana sana bado hutenganishwa kwa hatua ndefu, na humpa mtabiri maumivu, kwa kuwa kosa dogo la fikra humtupa makumi ya hatua kutoka mahali penyewe.

Mpwa wangu akanichorea nyuma ya daftari. Kaboni yenye florini moja na haidrojeni tatu: florini yake iko karibu na –272. Badilisha haidrojeni moja iwe florini: –144. Mbili: –79. Zote: –62. Nikasema nimeelewa, florini zinagombania blanketi moja, kila mmoja anazidi kubaki wazi. Akasema, "Vizuri mjomba. Sasa toa florini tatu, weka klorini tatu."

Nikafikiri. Klorini ana uroho mdogo kuliko florini. Kwa hiyo florini iliyobaki itajifunika vizuri zaidi, namba itashuka chini ya –62.

"Inapanda," akasema. "Inafika sifuri."

Blanketi langu likapasuka hapo. Katika florini, kufunikwa si habari yote, na mara nyingi si hata habari kubwa. Norman Ramsey, mwaka uleule wa 1950, alionyesha kwamba sumaku haifanyi tu elektroni zizunguke na kukinga kiini. Inazikoroga pia, inazichanganya na nafasi tupu zilizo juu yake, na mkorogo huo huongeza nguvu inayokifikia kiini badala ya kuipunguza. Nafasi tupu zikiwa karibu, mkorogo ni mkubwa. Majirani kama klorini huzileta karibu. Kwa hiyo nilikuwa nimewafundisha vijana wa watu nusu ya tabia ya florini kwa miaka mingi, na kwa kujiamini. Mtihani wa taifa haukuniuliza hiyo nusu ya pili, nashukuru.

Ile kaboni yenye florini moja na klorini tatu ndiyo iliyochaguliwa kuwa sifuri, mahali pa kuanzia kuhesabu. Ina kisa chake. Ni ileile iliyotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, moja ya zile zilizolaumiwa kwa kutoboa tabaka la ozoni na kupigwa marufuku hatua kwa hatua baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Tena huchemka kwenye nyuzi 24 hivi: asubuhi ya Meru ungeiona imetulia kwenye chupa, mchana wa Dar es Salaam ingekwisha kupaa. Ndiyo maana wengi sasa hupima kwa kitu kingine kilicho salama zaidi kisha hubadilisha hesabu ili irejee kwenye sifuri ya yule marehemu. Katika kubadilisha huko watu hukosea. Na kwenye majarida ya zamani alama za hasi na chanya zilikuwa zimegeuzwa: kilichoandikwa chanya wakati ule leo ni hasi. Anayekusanya namba za miaka sabini ili aifundishe kompyuta kutabiri lazima kwanza ajue kila mwandishi alikuwa amesimama upande gani wa sifuri. Mpwa wangu alisema miezi yake minne ya kwanza ilikwisha kwa kazi hiyo, na alipoitaja alishika kichwa.

Njia za kutabiri zenyewe, nilivyozielewa, ni mbili kubwa, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kondakta. Kusanya maelfu ya florini zilizokwisha kupimwa, andika majirani wa kila moja, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha florini mpya ikija uliza: inafanana na zipi? Njia hiyo ni ya haraka na mara nyingi inagonga. Ya pili ni kuanza na elektroni zenyewe, kuzitatua kwa kanuni za kwanta, molekuli ikiwa imekunjwa katika kila mkao inaoweza kukaa, kisha kulinganisha na mstari uliopigwa kupitia molekuli zinazojulikana ili kusahihisha upotofu wa hesabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikikesha barazani. Ikienda vizuri, hukosea kwa sehemu chache tu kwa milioni.

Kinachonivutia ni udhaifu wa ile ya kwanza, kwa sababu naujua kutoka upande wa anayesomwa. Mashine iliyofundishwa kwa mifano inajua mitaa iliyowahi kutembelewa. Na florini iliyoshikana na kaboni karibu yote ni kazi ya mikono ya watu; maumbile yenyewe yameitengeneza kwa nadra mno. Kuna mimea michache, kama jamii ya Dichapetalum, inayotengeneza floroasetati, sumu inayoua ng'ombe, na mmoja wao, Dichapetalum braunii, unaota Tanzania na umekutwa na kiwango kikubwa cha sumu hiyo. Nje ya mimea kama hiyo, orodha ya florini zinazojulikana ni orodha ya vitu ambavyo viwanda na maabara viliona faida kuvitengeneza: dawa, viuatilifu, plastiki, gesi za majokofu. Molekuli isiyofanana na chochote kati ya hivyo ikija, mashine itaipa namba ya jirani wa mbali na haitaona haya. Wa Arusha, sogea nyuma.

Hata njia ya pili ina mitego. Waswahili wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa sehemu kubwa florini inakubali: jirani wa kwanza ana sauti kuliko wa nne. Lakini molekuli hujikunja. Florini mbili zinazotengana kwa vifungo sita au saba zinaweza kujikuta uso kwa uso, kama nyumba mbili ambazo kwa barabara ziko mbali lakini kuta zake za nyuma zinagusana. Hapo zitasikizana kupitia hewa, na alama ya kila moja itapasuka vipande viwili. Anayehesabu vifungo tu hatajua kwa nini. Lazima ajue molekuli imelalaje.

Saa sita umeme ukakatika. Kompyuta ikabaki na chaji yake, hesabu ikaendelea kwa mwanga wa kioo chenyewe. Dada yangu akatuletea chai kutoka jikoni, maji yametolewa kwenye ndoo ya chujio. Nikakumbuka kwamba hata mchai wenyewe una hulka ya kukusanya floraidi kwenye majani. Sikusema. Kuna mambo ambayo hayasemwi mbele ya aliyeamka usiku kukuchemshia chai.

Kijiji kinaitwa Maji ya Chai kwa sababu mto wake una rangi hiyo, na kule ng'ambo ya mlima Ngarenanyuki, au Engare Nanyuki, kwa Kimasai ni maji mekundu. Mgeni akisikia majina hayo husema, ahaa, wazee walijua, waliona floraidi wakaipa jina. Hapana. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya kwetu ulimi hauijui. Maji meupe kama kioo yanaweza kuwa mabaya kuliko yale ya rangi ya chai. Jina linasema kweli juu ya kitu kingine kabisa.

Nilimwuliza mpwa wangu: tukichukua maji haya, tukayaweka kwenye hiyo sumaku yako, yatasema nini?

"Karibu –120."

"Na maji ya Momela?" Ziwa ambalo floraidi yake huhesabiwa kwa mamia ya miligramu kwa lita.

"Karibu –120 vilevile. Sauti itakuwa kubwa zaidi tu."

Kwa nini? Kwa sababu floraidi iliyoyeyuka ndani ya maji imezungukwa na maji pande zote. Jirani ni yuleyule Momela, Usa River au Ziwa Natron. Imesahau mwamba ilikotoka. Lakini ikiingia kwenye jino na kukaa ndani ya apataiti, ikizungukwa na kalsiamu, inasimama karibu na –103. Ikiwa fuwele tupu ya kalsiamu na florini, –108. Ukitia shabu kwenye maji ili kuyasafisha, kama walivyojaribu Ngurdoto kwa ile njia ya Nalgonda iliyotoka India, baadhi ya floraidi hushikana na alumini na kuhamia karibu na –155. Kipimo cha kawaida kinaweza kukuambia floraidi kiasi gani imebaki majini. Sumaku inakuambia zaidi: iliyobaki imelala na nani.

Nikamtajia vidonge. Dolutegravir, ambayo watu wetu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi huinywa kila siku, ina florini mbili kwenye pete ya kaboni. Sipro ya duka la dawa ina moja. Flukonazo ina mbili. Florini ya kwenye pete namna hiyo, akasema, mara nyingi husimama kwenye mtaa wa –110 na kitu. Ile ya benzini yenye florini moja iko –113. Nikamzuia hapo. "Mjomba, umesema jino ni –103 na fuwele ni –108. Sasa kidonge na jino wanaishi mtaa mmoja?"

"Karibu."

"Na hawana undugu wowote."

"Hawana. Ukinipa jirani, nakupa namba. Ukinipa namba peke yake, siwezi kukurudishia jirani."

Nilinyamaza kwa muda. Nilikuwa nimesubiri sentensi hiyo tangu Ubungo.

Florini hii moja inatibu na inalemaza, na kwa upande wa kulemaza sisi wa Meru hatuhitaji mhadhara. Wapo tuliosoma nao ambao miguu ilipinda kabla ya darasa la nne. Jambo linaloniudhi, nikiri, ni usawa uliokosekana wa maarifa. Florini ya kidonge inafuatwa hadi jirani wa tano, usiku kucha, kwa kanuni za kwanta. Ya kisimani, kwa muda mrefu, ilipewa namba moja ya kijumla, na namba yenyewe ikatanuliwa ili ienee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini, baadaye 4. Sisemi waliopanga walikuwa wajinga au wakatili. Ukisema 1.5 mahali kama hapa unafunga visima vya tarafa nzima, na mama hatabaki amesimama na ndoo akisubiri kanuni, atakwenda mtoni. Namba ile ilikuwa imetabiriwa na majirani wake: umaskini, umbali, mlima.

Maana hata mlima una kemia ya ujirani. Kwingineko duniani, floraidi ikitoka kwenye mwamba hukutana na kalsiamu, wawili hao wakashikana na kutuama, maji yakapona. Lava za Meru zina sodiamu tele na kalsiamu haba. Floraidi inatoka mwambani, inamtafuta kalsiamu, haimkuti, inaendelea na safari hadi kwenye ndoo. Kisha ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka miaka elfu kadhaa iliyopita, matope na mawe yakasambaa hadi yakaacha mashimo yaliyogeuka maziwa ya Momela. Chini ya mashamba yetu, basi, tabaka zimelaliana ovyo: hapa lava, hapa majivu, hapa mabaki ya poromoko. Ndiyo sababu chemchemi mbili zinazoonana kwa macho zinaweza kutofautiana mara kadhaa, na mchimbaji anayetumia kisima cha jirani kutabiri cha kwako anaweza kukuingiza hasara ya mamilioni. Barabara ni fupi, lakini kuta za nyuma hazigusani. Au zinagusana pale usipodhani.

Pale Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, jibu walilolishikilia kwa miaka mingi ni mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri, husagwa iwe chembechembe, hupangwa kwenye ndoo, na maji hupitishwa humo. Apataiti ya mfupa inaikamata floraidi na kuiweka ndani yake, kazi ileile ambayo jino la mtoto lingeifanya. Mara ya kwanza nilipoliona chujio hilo nilidhani ni uchawi wa aina fulani, mfupa unakunywa kwa niaba ya mfupa. Wapo walioona kinyaa, na wengine wakauliza kwa haki ni mifupa ya mnyama gani. Dada yangu aliuliza jambo moja tu: itachoka lini? Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, kwa sababu mfupa ukishiba hautoi taarifa. Maji hutoka meupe vilevile. Kule Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga alikuja na chujio linaloundwa kufuatana na maradhi ya maji ya mahali husika, likamletea mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Napenda wazo la kuanza na kuuliza maji haya yanaumwa nini kabla ya kuyapa dawa. Hata hivyo chujio lolote, la mfupa au la kisasa, lina siku yake ya kuchoka, na anayeibeba siku hiyo kichwani ni mwanamke mwenye ndoo.

Alfajiri hesabu ikaisha. Mpwa wangu akaandika namba mbili kwenye kiganja, kama tulivyofanya shuleni tulipokosa karatasi, kwa sababu umeme ulikuwa haujarudi na hakutaka kuamini chaji iliyobaki. Wiki iliyofuata alinionyesha jibu la maabara kwenye simu. Florini ya kwanza alikuwa ameikosa kwa sehemu mbili na nusu. Ya pili kwa kumi na moja. Alikuwa na furaha ya ajabu na ile ya pili. "Imejikunja, mjomba," alisema. "Kuna mkao sikuuweka."

Asubuhi ileile ya kukesha, kabla hatujalala, mtoto wa dada yake mpwa wangu alikuja barazani akiwa na jino mkononi. Wa miaka sita. Jino la utoto la mbele, chini, limeng'oka kwenye muhogo. Alitaka kulitupa juu ya bati kama wenzake, lakini kwanza alitaka tulione. Tukaliona. Kisha nikamwambia afungue mdomo, nikaangalia pengo. Ncha ya jino jipya ilikuwa imechungulia kwenye fizi, ndogo kama punje ya mchele, nyeupe, bado na unyevu. Rangi ya kahawia haiji na jino. Huja baadaye.

"Litakuwaje, babu?" akauliza mama yake kutoka mlangoni. Hakuwa anatania.

Nikamgeukia mpwa wangu, naye akanigeukia mimi.

Nikamwuliza yule mama, tangu mtoto azaliwe, mmekuwa mkichota wapi? Akaketi kwenye ngazi, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwaka wa kwanza walikuwa Kilala, bomba la pale kanisani. Halafu Kikatiti kwa mama mkwe, kisima cha mkono, wakati wa kiangazi mtoni. Halafu hapa, ndoo ya mifupa, ila kuna miezi ilikuwa imechoka na hawakujua. Shuleni tangi la mvua, likikauka sijui wanaleta ya wapi. Na magadi kwenye maharage, yale ya gunia kutoka soko la Tengeru, tuyahesabu? Mpwa wangu alikuwa amefungua tena daftari, anaandika.